Kwenda saluni ughaibuni: ya kusema kabla hujakaa kwenye kiti

Saluni ya Kariakoo au ya Kenyatta Market haitaki maelezo mengi. Unaingia, unasalimia, unaonyesha picha kwenye simu, unaambiwa "kaa hapo, dada", na wasusi wawili watatu wanakizunguka kichwa kimoja mpaka kiishe. Bei mnaelewana. Mtoto analala kwenye benchi, muuza karanga anapita, na msusi akikaza sana unaguna tu, naye anaelewa.

Ughaibuni hakuna atakayekuelewa kwa kuguna. Fundi wa nywele wa Hamburg au Leeds hajui kwamba "sawa tu" yako ina maana ya "sijapenda", na wewe hujui kwamba maswali yake kumi kabla ya kugusa nywele ni utaratibu wa kazi, si umbeya. Kwa hiyo mpaka wowote ulio nao, uwe wa mwili, wa dini, wa pesa au wa muda, utangulize. Ukiusema siku mbili kabla, yanakuwa makubaliano. Ukiusema katikati ya kazi, unakuwa ugomvi, na nywele zimeshakatwa.

Jua unaingia saluni ya nani

Saluni ya wenyeji, saluni ya Kiafrika na msusi anayefanya kazi nyumbani kwake ni mahali patatu penye adabu tatu tofauti.

Kwa wenyeji, cheti ukutani hakikwambii kama fundi amewahi kushika nywele za kipilipili. Ujerumani kwa kawaida saluni haifunguliwi bila fundi mwenye cheti cha ufundi mkuu, yaani "Meister", lakini mtu anaweza kukipata hicho bila kugusa kichwa kama chako. Uingereza fundi halazimiki kuwa na leseni, na nywele za Kiafrika ziliingizwa rasmi kwenye viwango vya mafunzo vya taifa mwaka 2021. Marekani kila jimbo lina leseni yake. New York ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuwataka wanafunzi wa kazi hii wafundishwe nywele za aina zote. Fundi aliyesoma kabla ya hapo huenda hakufundishwa.

Piga simu uulize mambo mawili: "Kuna mtu hapo anayefanya nywele za 4C?" (ndivyo mafundi wanavyoziita nywele za kipilipili zilizojikunja kabisa) na "Anazifanya mara ngapi kwa wiki?" Swali la pili ndilo linalotoa ukweli. Anayezijua atakurudishia maswali: mara ya mwisho uliweka dawa lini, zimesukwa au zimefumuliwa, urefu gani zikivutwa. Akikujibu "hakuna shida, nywele ni nywele", shukuru, kata simu, tafuta kwingine. Hapo hujabaguliwa, mtu hajui kazi. Lakini ukiambiwa kwamba hawahudumii watu weusi, hilo ni jambo jingine, na Uingereza Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inalikataza.

Saluni za Kiafrika zina mtaa wake karibu kila mji mkubwa. Brussels ni Matongé, wilaya ya Ixelles, walikojaa Wakongo. Huko ukisalimia kwa Kiswahili unaweza kuitikiwa na mtu wa Goma au Bukavu. New York ni Harlem, kwa Wasenegali, Wamali na Waivory Coast. Paris ni Château d'Eau, wilaya ya 10 ya mji. Hapo ukitoka tu kwenye kituo cha metro utapokewa na vijana wanaoita wateja, wengine watakushika mkono, wengine watanyoosha vidole kwenye nywele zako. Kazi yao ni kupeleka wateja saluni. Usisimame na usieleze unachotaka, maana ukishajibu swali moja umeshakubali kuongozana. Sema "Non merci, j'ai rendez-vous", yaani hapana asante, nina miadi, endelea kutembea, na uingie mlango uliokwisha kuuchagua.

Katika saluni hizi bei hujadiliwa, lakini kabla ya msuko wa kwanza. Ukianza kupunguza bei kichwa kikiwa nusu, umemvunjia msusi heshima, na saa zilizobaki utazikaa na mtu aliyenuna. Kwa wenyeji usijaribu kabisa: bei iliyobandikwa ndiyo bei.

Msusi wa nyumbani muulize mambo ambayo saluni huna haja ya kuuliza. Nani wengine watakuwepo ndani? Kuna mbwa au paka? Mnavuta sigara? Ukishakuwa na nusu kichwa kimesukwa huwezi kuondoka, na ndiyo maana maswali haya ni ya kwenye simu, siyo ya mlangoni. Usishangae akikutumia anwani baada tu ya kulipa kianzio. Naye anailinda nyumba yake.

Ujumbe wa miadi

Saluni nyingi hazipokei mtu aliyepita tu njiani. Unaweka miadi, na miadi ni kama tiketi ya basi. Ukichelewa dakika 10 hadi 15, wengi wanakutoza au wanakufutia. Ukiahirisha chini ya saa 24, pengine 48, kianzio kimekwenda, na saluni nyingine hudai nusu ya bei au bei nzima. Marekani wasusi wengi wanataka kianzio kabla ya kukuandikia nafasi, nacho hakirudi hata ukiugua. Soma masharti kabla ya kutuma pesa.

Jihadhari na saa. Saa nne yetu asubuhi ni 10:00 yao. Hata kama msusi ni Mswahili mwenzako, miaka mingi huko inaweza kuwa imeshamzoesha kuhesabu kwa saa ya huko, na tofauti ya saa sita inatosha kuharibu siku ya watu wawili. Andika tarakimu: 10:00.

Ujumbe wenyewe uwe wa sentensi fupi, ili hata ukitafsiriwa na simu usipotoke. Mfano:

"Habari. Nataka rasta zisizo na fundo, ukubwa wa kati, urefu hadi kiunoni. Nywele zangu ni za asili, 4C, sentimita 15 zikivutwa. Sina dawa. Nina mzio wa rangi ya nywele. Nitakuja nimeosha na kunyoosha kwa draya. Je, nywele za kusukia zimo kwenye bei? Nitahitaji mapumziko mawili ya dakika 10 kwa sala. Bei yote ni kiasi gani, na nitamaliza saa ngapi?"

Kila sentensi hapo inafunga mlango mmoja wa ugomvi. Ile ya kuosha na kunyoosha ni muhimu kuliko inavyoonekana: wasusi wengi wa Marekani na Uingereza hawaoshi, wanataka kichwa kilicho tayari, na ukija nacho kikavu kilichojikunja wanaongeza malipo au wanakurudisha. Ile ya nywele za kusukia nayo ina pesa ndani yake. Rasta za kati za kufika kiunoni hula pakiti 6 hadi 8 za zile zilizokwisha kuvutwa. Ukinunua 5 ukaishiwa saa kumi na moja jioni, duka limefungwa, utarudi nyumbani na kisogo kitupu.

Swali la saa ya kumaliza usiliache. Nyumbani wasusi watatu wanakumaliza kwa saa mbili au tatu. Ughaibuni mara nyingi ni mtu mmoja, naye kwa rasta za kati anahitaji saa 5 hadi 7. Ndiyo maana bei inauma: unanunua siku nzima ya mtu mmoja. Muda wa saa saba una adhuhuri na alasiri humo humo, una chakula, una choo. Yaseme yote. Na nenda peke yako. Neno "usije na wageni" kwenye masharti linamhusu dada yako, rafiki yako na mtoto wako pia. Kama mtoto hana pa kuachwa, uliza kabla.

Kwa mwanamke anayejistiri

Hapa ndipo watu wengi wanaumia, kwa sababu saluni inajibu "ndiyo, tuna faragha" na kila upande unafikiria kitu chake. Kwao faragha yaweza kuwa kiti cha pembeni. Saluni za Ulaya mara nyingi zina kioo kizima mbele, na anayepita barabarani anaona kila kichwa. Usiulize "kuna faragha?" Uliza hivi:

Kuna chumba chenye mlango au pazia linalofika chini? Beseni la kuoshea liko humo humo au nje? Atakayeosha, atakayekata na atakayekausha ni mwanamke yule yule? Kuna mwanamume anayeweza kuingia, mfanyakazi au mtu wa kuleta mizigo?

Beseni ndilo linalosahauliwa. Chumba kinakuwepo, kizuri, pazia zito, kisha fundi anasema "sasa tukaoshe" na beseni liko katikati ya saluni mbele ya dirisha. Kama ndivyo mahali penyewe palivyo, omba mojawapo ya haya: uje umeosha, naye alowanishe kwa chupa ya kupuliza, au upangiwe miadi ya kwanza asubuhi kabla hawajafungua mlango, au ya mwisho jioni. Wengi wanakubali ukiomba mapema. Nenda na kitambaa chako cha akiba na pini, kwa sababu taulo la saluni huteleza kichwani, nawe ukiwa kwenye joho la plastiki mikono haifiki haraka.

Muscat, Dubai au Jeddah mambo yamegeuka. Saluni ya wanawake mlango wake hauonyeshi ndani, mwanamume haingii hata kama ni mume anayekuja kulipa, anasubiri nje. Mtoto wa kiume aliyekwisha kukua anaweza kukataliwa mlangoni. Huko mpaka unaovunjwa na wageni ni simu. Usiinue simu kujipiga picha ukiwa na wanawake wengine nyuma yako bila vitambaa vyao. Umoja wa Falme za Kiarabu unahesabu kumpiga mtu picha bila ridhaa yake kuwa kosa la jinai, na hata pale ambapo hakuna atakayekushtaki, umewavunjia watu sitara. Ijumaa kwenye sala ya mchana milango mingi hufungwa. Panga asubuhi au jioni.

Piko, hina na dawa: usifiche

Kabla ya kupaka rangi, saluni ya Ulaya inayojua kazi itakupaka tone la rangi nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa kiwiko, na kukwambia urudi baada ya saa 48. Wengi wetu tunaona ni usumbufu, au ni ujanja wa kutuita mara mbili. Kwa mtu wa pwani, kipimo hicho ni cha lazima kuliko kwa mtu mwingine yeyote, na sababu ni piko.

Piko jeusi linalochorwa mikononi na miguuni kwa bibi harusi, Unguja, Mombasa na kwingineko, mara nyingi ni unga wa rangi ya nywele. Kilicho ndani ni parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Ulaya inaruhusu isizidi asilimia 2 katika rangi inayogusa kichwa, na hairuhusu ipakwe kwenye ngozi kama mapambo. Piko la harusini halipimwi na mtu. Linakorogwa kwa jicho na kukaa kwenye ngozi muda mrefu. Mwili unaweza kuanza mzio siku hiyo bila kukuonyesha chochote, au kwa vipele vilivyofuata mistari ya maua na kupona. Miaka kumi baadaye unapaka rangi ya kawaida saluni ya Birmingham, na usiku ule ule au kesho yake kichwa kinawaka, kope zinavimba mpaka macho yanafumba. Mzio huo ukishaingia hautoki.

Basi fundi akikuuliza "umewahi kupata tatizo na rangi?", usimjibu juu ya rangi ya nywele peke yake. Mwambie: "Nimechorwa piko jeusi, na liliniwasha" au "halikuniwasha". Kipimo kifanywe kwa rangi ile ile utakayopakwa. Cha saluni nyingine hakifai. Na hata kama kipimo kimekuja safi, ukiona uso unavimba au pumzi inabana, usisubiri asubuhi: 112 nchi nyingi za Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani.

Historia ya nywele nayo iseme yote kwa miaka miwili nyuma, hata kama unaona aibu kwamba uliweka dawa ya bei rahisi sebuleni. Nywele zilizonyooshwa kwa dawa ya soda kali haziwezi kupokea dawa ya kalikiti; kemia zao zinapingana na nywele hukatika pale dawa mbili zinapokutana. Ukificha, fundi atafanya kazi sawasawa na nywele zitabaki kwenye beseni. Hina nayo, ile iliyochanganywa na chumvi za madini ili iwe nyeusi, ikikutana na dawa ya kufifisha rangi inaweza kupata moto kichwani. Hina tupu haina shida hiyo, ila fundi hawezi kujua ni ipi kwa kuangalia, kwa hiyo atafanya jaribio kwenye kishungi kidogo. Mwache afanye.

Sentimita, siyo "kidogo"

Neno "punguza kidogo" halina kipimo katika lugha yoyote. Taja sentimita, Marekani taja inchi, na onyesha kwa vidole kwenye nywele zako mwenyewe, siyo hewani. Ujerumani sema "Nur die Spitzen, zwei Zentimeter", yaani ncha tu, sentimita mbili. Ufaransa ni maneno yale yale, "Juste les pointes, deux centimètres". Halafu ongeza: akate kishungi kimoja, akuonyeshe, ndipo aendelee.

Kwa nywele za kipilipili kuna mtego zaidi. Zikiwa zimelowa na kuvutwa kwa kichana zinaonekana ndefu, zikikauka zinajikunja na kurudi hata chini ya nusu ya urefu ule. Fundi aliyezoea nywele za singa anakata zikiwa zimelowa, sentimita mbili za haki kabisa, lakini palipokuwa na mikunjo tofauti tofauti umbo linatoka na mabonde. Omba zikatwe kavu, katika hali unayozivaa kila siku. Kama unazivaa zimenyooshwa, zinyooshwe kwanza. Mtu akikataa kukata kavu kwa sababu "hatufanyi hivyo", huna haja ya kumshawishi. Omba huduma nyingine au uondoke.

Wanaume wanakwama kwenye namba. Uingereza na Marekani unataja namba ya kichana cha mashine: namba 1 ni milimita 3, namba 2 ni 6, namba 3 karibu 10, namba 4 karibu 13. Ujerumani na nchi jirani wengi wanahesabu milimita moja kwa moja. Ukisema "tatu" London unabaki na nywele za milimita 10. Ukisema "tatu" Berlin unabaki na milimita 3, na hakuna wa kumlaumu. Taja namba ya kichana pamoja na urefu wake kwa milimita. Nyumbani kinyozi anaweza kuwa ananyoa bila kichana chochote, kwa hiyo "namba yangu ya siku zote" huenda huijui. Mwulize kabla ya kusafiri, au anza na kubwa ushuke.

Ukishakaa

Maongezi kwanza. Uingereza fundi atakuuliza kuhusu hali ya hewa, likizo, mipango ya wikiendi. Anakukaribisha tu, jibu fupi linatosha. Ujerumani na nchi za kaskazini anaweza kunyamaza saa nzima, na ukimya huo ni heshima. Saluni nyingine hata zina miadi ya ukimya unayoweza kuichagua. Maswali ambayo kwetu ni ya kawaida, "umeolewa?", "una watoto wangapi?", "unalipwa shilingi ngapi hapa?", kwao yanaingia chumbani kwa mtu. Usimwulize fundi wako. Nawe ukiulizwa "asili yako hasa ni wapi?" na hutaki habari hiyo, sema mji unaoishi kisha uliza kitu kuhusu nywele. Kwenye saluni ya Kiafrika utaulizwa yote hayo, na utaitwa dada, "ma sœur" au "tantie". Huko kunyamaza kabisa ndiko kunakoonekana kiburi.

Kuguswa. Aliyepewa ruhusa ya kugusa nywele zako ni yule anayekuhudumia. Ikitokea amewaita wenzake "njooni mguse, ni laini!", una haki ya kusimamisha hapo hapo, bila kucheka cheka ili kumfurahisha mtu. Sema kwa sauti ya kawaida: "Naomba uguse wewe tu." Kwa Kiingereza, "Only you, please" inatosha. Usieleze sababu. Ukieleza, unafungua mjadala.

Msusi wa nyumbani anaweza kukukalisha chini, kichwa katikati ya magoti yake, kama tulivyosukwa utotoni mkekani. Kwa wengine hiyo ni raha, kwa wengine ukaribu umezidi, omba kiti. Kwenye beseni, shingo isikunjwe kwenye ukingo mgumu. Taulo lililokunjwa likiwekwa chini ya shingo linabadilisha kila kitu, nalo ni ombi la kawaida kabisa.

Picha. Saluni nyingi zinaishi kwa picha za kabla na baada. Ulaya, chini ya sheria ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018, picha inayokutambulisha kwa kawaida inahitaji ridhaa yako, na ridhaa unaweza kuiondoa baadaye. Kwenye fomu ya mteja kuna kisanduku cha ruhusa ya picha, mara nyingi chini kabisa. Kisome kabla ya kuweka saini. Unaweza kukubali nusu: "kisogo ndiyo, uso hapana". Kwa mtoto wako, amua wewe kabla hajapandishwa kwenye kiti.

Maumivu ya kusukwa yana muda wake wa kusemwa: msuko wa tatu. Tumelelewa kuvumilia, tukaambiwa ikikazwa ndiyo inakaa. Ngozi inayovutwa hadi kuinuka vipele vyeupe mizizini, macho yasiyofumba vizuri, kichwa kinachogonga usiku, hizo ni dalili kwamba mizizi inang'olewa, na kipara cha kwenye paji kinaanzia hapo. Baada ya misuko mitatu shika mahali panapouma, sema "legeza hapa, tafadhali". Kurudia misuko mitatu ni dakika 15. Kurudia kichwa kizima ni siku ya kazi, na msusi atakataa, naye atakuwa na haki.

Kwa kinyozi

Mwanamume aliyezoea saluni za Dar es Salaam anajua kwamba baada ya kunyolewa kuna dada wa kumwosha uso kwa maji ya moto, kumsugua na kumkanda mabega. Usiulizie huduma hiyo kwa kinyozi wa Ulaya au Marekani, hata kwa utani. Haipo kwenye kazi yao, na mwanamke aliyeulizwa anaweza kulichukua kama kumtaka. Hapa mpaka unaolindwa ni wa mfanyakazi.

Kwa vinyozi wa Kituruki, ambao wapo Istanbul na pia karibu kila mtaa wa Uingereza na Ujerumani, mambo ni kinyume: wanakupa zaidi ya ulichoomba. Atachukua kijiti chenye pamba iliyochovywa spiriti, akiwashe, akupige piga masikio kwa moto ili kuunguza vinyweleo. Kisha uzi wa mashavuni, nta puani, kolonya, na kukandwa shingo. Kwao ni ukarimu wa kazi. Kama hutaki, sema mwanzoni: "Sadece saç", nywele tu. Kuzungushwa shingo mpaka ilie ukatae kabisa, huko na kwa vinyozi wa Ghuba pia; mshipa wa shingo ukipasuka kwa ndani, matokeo yake yaweza kuwa kiharusi.

Ndevu zetu zina shida ambayo kinyozi wa singa haijui. Wembe ukipita kinyume na uotaji, unywele uliojikunja unakatwa chini ya ngozi na kurudi ndani, na baada ya siku chache shingo imejaa vipele. Taulo la moto na wembe unaopitishwa mara mbili, fahari ya duka zima, ndicho kinacholeta hali hiyo. Omba mashine isiyo na kichana, isigandamizwe, ifuate uotaji. Kama ni wembe, uwe mpya, ufunguliwe kwenye karatasi yake mbele yako. Kinyozi mzuri hakasiriki kuombwa hivyo.

Naye ana mpaka wake. Akiona mapunye au chawa atasimamisha kazi na kukurudisha, hata kama ni mtoto anayelia. Usigombane naye; nenda duka la dawa au kwa daktari kwanza.

Kulipa

Marekani bakshishi ni asilimia 15 hadi 20, na kutoitoa ni sawa na kusema kazi ilikuwa mbaya; aliyekuosha mpe dola chache mkononi. Uingereza karibu asilimia 10 au kukamilisha noti, kwa hiari. Ujerumani asilimia 5 hadi 10: bei ikiwa euro 46, unampa 50 na kusema "fünfzig" kabla hajahesabu chenji, kwa sababu ukisema "danke" (asante) ukimpa noti, anaweza kuelewa kwamba chenji umemwachia yote. Pale kaunta utaona vibubu vidogo vya nguruwe vyenye majina; ni vya wafanyakazi, na mwanagenzi aliyekuosha ana chake. Ufaransa euro chache ukipenda. Japani usitoe, utamtia mtu aibu ya kukurudishia.

Kioo cha kisogoni

Mwishoni fundi anashika kioo nyuma ya kichwa chako na kusubiri. Hilo ni swali rasmi, na wengi wetu tunalijibu "nzuri, asante" huku machozi yanalenga, kisha tunalia kwenye basi. Chukua nusu dakika. Geuza kichwa kushoto na kulia, shika ncha za pande zote mbili uone kama zinalingana chini ya kidevu. Kosa lililoonekana hapo linarekebishwa hapo, bila malipo na bila kinyongo. Sema mahali, usiseme hisia: "upande huu ni mrefu zaidi kwa sentimita moja" badala ya "sijui, sijapenda".

Ukiligundua nyumbani, piga picha mchana kwenye mwanga wa dirisha, usikate wala kupaka kitu mwenyewe, na andika siku hiyo au kesho yake. Uingereza sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015 inataka kazi ifanywe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Isipokuwa hivyo, unaweza kudai irudiwe, na isiporudika, upunguziwe bei. Ujerumani nako kwa kawaida unatakiwa kuipa saluni ile ile nafasi ya kurekebisha kabla ya kudai pesa. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza uombe marekebisho: tarehe ya miadi, ulichoagiza kwa maneno yale yale ya ujumbe wako wa awali, kilichotoka, picha mbili, na siku unazoweza kurudi. Rasta zinazouma bado siku ya tatu hazisubiri jibu. Zifumue, na kama kuna usaha au homa, nenda kwa daktari na hizo picha.